Kwenda Migori Kumtazama Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Mliniuliza baada ya ibada, tukiwa tumesimama kando ya tangi la maji pale kanisani, nilikuwa wapi siku tano zile na kwa nini nimerudi na uso wa mtu aliyetoka kugombana. Nilianza kuwaeleza. Mama Chebet akacheka kabla sijafika Kapsabet, na Mama Wambui akauliza mwanamke wa miaka hamsini na minane ana shughuli gani na mpira wa vijana. Kwa hivyo nimeandika. Mkitaka kucheka, chekeni nikiwa sipo, lakini nitakuwa nimemaliza kusema.

Nilikwenda Migori kutazama besiboli. Sikwenda harusini wala mazishini, na hakuna jamaa yangu aliyelazwa huko.

Wengi wenu hamuujui mchezo huu, na si lazima mjue mengi. Mtu mmoja husimama juu ya kichuguu cha udongo akarusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote. Wa timu nyingine humngojea na rungu, ajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka pembe nne za uwanja. Yule anayerusha ndiye mchezo wenyewe. Mimi huenda kumtazama huyo.

Na mnajua mkono wa Kamau wangu haunyooki. Akiwa kidato cha tatu alirusha mkuki kwa ajili ya shule, na mwalimu wake akamrushisha kila jioni, hata kiwiko kilipovimba, kwa kuwa mashindano yalikuwa karibu. Kile kiwiko nilikiona. Nilikikanda kwa maji ya moto nikanyamaza, kwa sababu mwalimu alikuwa mwalimu na mimi nilikuwa muuza chakula cha ng'ombe. Siku kilipoachia, kijana wangu alilia uwanjani kama mtoto mchanga. Tukawa watu wa kwenda hospitali ya Plateau miezi mitano. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo pale alituonyesha kwenye simu jinsi warushaji wa besiboli ng'ambo wanavyohesabiwa kila mrusho. Mtu akifika kiwango chake anatolewa, apende asipende. Kamau hakutaka kuona zaidi. Mimi nilitaka. Ni miaka tisa sasa natazama dukani, simu ikiwa imeegemea gunia la pumba. Mlidhani ni mahubiri.

Halafu nikajua kwamba mchezo huu unachezwa hapa hapa Kenya, kuna ligi ya juu na ya chini. Ya juu ina watu wa kuiandika. Ya chini haina mtu. Nikaanza kwenda mwenyewe, mara moja au mbili kwa mwaka, na kitabu na saa ya kupimia, kutafuta nani atakuja kuwa mtu. Hakuna aliyenituma. Safari hii nilikuwa nimeona kwenye kikundi chetu cha mashabiki video fupi ya kijana mmoja wa Migori, mwenye mkono wa kushoto, anayerusha mpira unaokwenda sawasawa halafu unaanguka kama umekanyaga shimo. Video ilikatika mpira ulipotoka mkononi. Mimi nilitaka kuona mkono unafanya nini baada ya hapo.

Kapseret hadi mjini

Kamau alinipeleka stendi kwa pikipiki siku ya Alhamisi asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imeharibu barabara, na lori la maziwa lilikuwa limelala ubavu katika matope karibu na njia ya uwanja wa ndege. Tulikaa pale saa nzima na nusu. Kamau akatumia nafasi hiyo kunishauri.

Alisema wale watu hawanijui. Nikamwambia nami siwajui, ndiyo sababu naenda. Akasema watu wanasema mambo kuhusu sisi kwenda upande ule, hasa mwanamke peke yake mwenye jina linaloonyesha kabila kama langu. Hayo mlikuwa mmeshaniambia nyinyi pia, dukani kwangu, mkiwa mmekalia viti vyangu. Niliwajibu nyote kitu kimoja, na ndicho nilichomjibu yeye: nimeishi Kapseret miaka thelathini nikiambiwa pahali pangu ni wapi, na sijaona faida yake.

Kamau akasema, "Basi nenda, mathe. Lakini usiingilie mambo yao. Tazama, andika, urudi."

Nikamwahidi. Nilimaanisha, wakati ule.

Eldoret hadi Kisumu

Gari lilingoja kujaa kuanzia saa nne hadi saa saba kasoro robo. Nilikula chapati zangu mbili zilizokuwa za njiani kabla hatujaondoka stendi. Tukapita Kapsabet vizuri, majani ya chai yaking'aa pande zote mbili, na tulipokaribia Serem moshi mweupe ukatoka mbele kwa dereva. Bomba la maji la injini lilikuwa limepasuka.

Tukashuka sote tukaketi kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi. Mahindi mabichi ya Nandi hayana mfano, hilo sitawaficha. Karibu yangu aliketi mzee wa kofia ya sufu aliyejitambulisha kuwa mwalimu mstaafu wa Vihiga. Aliona saa iliyoning'inia shingoni mwangu akauliza wakimbiaji wangu wako wapi. Mtu akitoka Eldoret na saa ya kupimia, kila mtu anajua ni ya nini.

Nilipomwambia ni ya besiboli, alicheka kwa adabu. Akasema huo ni mchezo wa Wamarekani, sisi tuna yetu. Nikamuuliza yetu ni ipi. Akasema kandanda. Nikamuuliza kandanda ililetwa na babu yake au na babu yangu. Alitafuna mahindi kwa muda mrefu kabla ya kusema kwamba akiwa chuoni alipenda kriketi na hakuwahi kumwambia mtu. Tukazungumza kriketi hadi bomba lilipofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alishuka Chavakali akanipungia kofia yake.

Kisumu tuliingia jua likizama, nikalala nyumba ya wageni karibu na stendi, joto likanikumbusha kwamba mimi ni mtu wa baridi.

Kisumu hadi Migori

Ijumaa niliketi na mwanamke mnene mwenye furaha, mshonaji wa nguo aliyekuwa akirudi Rongo. Aliniuliza naenda wapi. Nikasema Migori. Aliuliza kufanya nini, nami, bila kufikiri, nikasema nakwenda kumtazama kijana mmoja wa mkono wa kushoto.

Alinishika goti. Akauliza binti yangu ana umri gani.

Sikumwelewa. Nikamwambia binti yangu yuko Nakuru na ana watoto wawili. Uso ukambadilika, akauliza mume wa kwanza alikufa au waliachana. Nikamwambia mume hajambo. Yule mama akakaa kimya hadi Ahero, akiwaza, nadhani, juu ya aina ya mama anayemtafutia binti yake mume wa pili wa kwanza akiwa hai. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga hakuweza kuvumilia tena. Akaniambia kwa upole kwamba anawaheshimu watu wa kwetu, lakini jambo hili si zuri. Hapo ndipo nilipogundua, nikamweleza habari ya besiboli, na alicheka mpaka dereva akageuka. Kisha akasema wazi kwamba hadithi ya mume wa pili ilikuwa na maana zaidi.

Kabondo tulisimama kununua viazi vitamu vya kuchemsha. Vilikuwa vya moto, vyekundu nje na njano ndani, vikikauka mdomoni hadi lazima unywe kitu. Alinigawia chai ya rangi kutoka kwenye chupa yake. Aliposhuka Rongo alisema ataniombea nipate kijana mzuri. Toka hapo hewa ikawa na harufu tamu ya miwa, na saa tisa nilikuwa Migori.

Mwenye nyumba niliyolala aliitwa Mama Akinyi, mjane wa makamo mwenye vyumba vinne nyuma ya duka la dawa. Alinipikia samaki wa kukaushwa aliyechemshwa kwa maziwa. Mnajua mimi na samaki hatupatani. Nilikula wote, nikaongezwa, nikala tena. Aliuliza natoka wapi, akasikia jina langu, akasema tu kwamba maji ya kuoga yako tayari. Hayo ndiyo yaliyonipata katika ule upande mlionionya.

Jumamosi, mbele ya nyumba ya Mama Akinyi

Asubuhi nilitoka nje nikakuta watu wananingoja. Wazazi wanne na watoto sita waliovaa viatu vya kukimbilia, wawili kati yao viatu visivyo jozi. Mama Akinyi alikuwa amesema sokoni kwamba ana mgeni kutoka Eldoret, ana kitabu na saa. Kufikia asubuhi nilikuwa nimeshakuwa mtu anayepeleka watoto ng'ambo kukimbia.

Niliwaambia ukweli. Sipeleki mtu popote, ninauza chakula cha ng'ombe. Baba mmoja akanikonyeza, kana kwamba anaelewa kwa nini mtu mkubwa lazima ajifiche. Niliwaambia tena, kwa sauti zaidi. Watoto wakaanza kuvua viatu kama waliokataliwa, na hilo lilinishinda. Nikawapanga, wakakimbia hadi kwenye mnara wa simu na kurudi, nikampa kila mmoja muda wake kwenye kipande cha karatasi. Hata hilo likawathibitishia wazazi kwamba nadanganya.

Walipoondoka alibaki mwanamke mmoja mwembamba, mwenye leso kichwani, ambaye hakuwa na mtoto. Alisema yeye ni mama yake Brian. Nikamuuliza Brian yupi. Akainua mkono wake wa kushoto.

Aliuliza kama nimetumwa na watu wa Nairobi. Kocha alikuwa amemwambia Brian kwamba mtu kutoka timu kubwa atakuja kumwona siku hizo mbili, na kwamba timu ikishinda itapanda ligi ya juu. Brian ana miaka kumi na tisa, alimaliza shule akakosa karo ya chuo, na anavunja kokoto. Nikamwambia mimi ni shabiki tu. Hakuniamini, lakini alinisindikiza uwanjani akaketi karibu nami, na tulikaa pamoja siku zote mbili.

Uwanjani

Sitawachosha. Brian ni mrefu, mikono yake inafika magotini, na anaporusha hana haraka. Anainua mguu, anangoja kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha mpira umeshafika. Ule unaoanguka niliuona kwa macho yangu mara kumi na tisa katika mchezo wa kwanza, na wapigaji walipiga hewa mara kumi na sita. Nimetazama warushaji wa ligi ya chini kutoka Nairobi hadi Meru. Sijaona kama huyu. Niliandika hivyo, na nikapiga mstari chini yake.

Niliandika pia idadi. Mirusho tisini na minne mchezo wa asubuhi. Nikafunga kitabu, maana mtu aliyerusha hivyo anapumzika siku kadhaa. Mchezo wa saa tisa ulipokuwa mgumu, kocha akamwita tena, na akarusha arobaini na mmoja mingine.

Kocha Odera si mtu mbaya, na nataka mlijue hilo kabla sijaendelea. Ni mwalimu wa hesabu. Glavu zote za timu amezishona yeye mwenyewe kwa ngozi aliyookota kwa mafundi viatu, na nilimwona akimpa mchezaji mmoja viatu vyake akabaki na malapa. Timu hiyo ilikuwa imekosa kupanda mara tatu. Alitaka. Ninamwelewa kabisa mtu anayetaka.

Lakini jioni ile, Brian alipokunywa maji, aliishika chupa kwa mkono wa kulia. Mama yake aliona kwamba nimeona.

"Hata nyumbani anafanya hivyo," akasema. "Ananiambia ni uchovu."

Nikamwomba amwambie kocha. Akatazama viatu vyake. Alisema kocha ndiye aliyemtoa Brian vijiweni, na yeye ni nani wa kumfundisha mwalimu kazi. Nilikuwa nimewahi kuyasema moyoni maneno hayo, karibu hivyo hivyo, nikikanda kiwiko kwa kitambaa.

Jumapili

Mchezo wa mwisho ulianza baada ya kanisa. Brian ndiye aliyeanza kurusha. Nilisema moyoni labda atarusha kidogo atolewe. Nilikuwa nimemwahidi Kamau.

Alipofika hamsini, ule mpira unaoanguka ulikoma kuanguka. Alipofika sitini, kiwiko kilianza kushuka, alikuwa anarusha kwa bega, kama mtu anayetupa jiwe kwa mbwa. Timu yake iliongoza kwa pointi mbili. Watu waliimba jina lake. Baada ya kila mrusho aliinamisha kichwa akafungua na kufunga vidole taratibu, akigeukia upande ambao kocha hakuwa.

Alipofika sabini nilisimama. Hesabu ya siku mbili ilikuwa mia mbili na tano. Zamu ilikuwa imeisha na wachezaji walikuwa wakibadilishana pande, kwa hivyo hakuna aliyenizuia. Nilitembea na kitabu changu mpaka kwenye kichuguu, nikasimama juu yake. Sikuwa na ujasiri wowote, nilikuwa na hasira tu, na nyingi yake ilikuwa ya miaka tisa iliyopita.

Kocha alikuja mbio. Aliniuliza kwa adabu kama nimepotea. Nikamfungulia ukurasa.

"Mirusho mia mbili na mitano tangu jana asubuhi," nikasema. "Kiwiko kimeshuka tangu wa sitini. Huyu kijana anaumia na wewe unajua."

Aliangalia namba. Ni mwalimu wa hesabu, alizisoma. Kisha akainua macho. "Mama, wewe ni nani?"

"Shabiki."

"Shabiki wa nani?"

"Wa huyu."

Akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba nimetumwa na timu pinzani. Umati ukapokea hilo. Mtu alisema jina la kabila langu, mwingine akamwambia anyamaze. Mwamuzi akaja akanitaka nitoke, akasema kanuni haziruhusu mtu wa nje. Nikamwambia anitoe yeye mwenyewe kwa mikono yake, mbele ya watu, mwanamke wa umri wa mama yake. Hakutaka. Basi tukasimama pale, watatu, jua la saa nane likituchoma.

Brian alikuja akasimama mbele yangu. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu. "Mathe, niko fiti," akasema. "Tafadhali toka. Kuna mtu amekuja kuniona."

"Mimi pia nimekuja kukuona. Nyoosha mkono."

Hakunyoosha. Nikamwambia kocha sitashuka mpaka mama yake aulizwe. Si mimi, mama yake. Kila mtu akageuka kumtazama yule mwanamke aliyekuwa ameketi nyasini, na nikahisi nimemfanyia ukatili, kwa sababu mimi ningeulizwa hivyo wakati wangu, mbele ya umati, ningekufa kwa aibu.

Alisimama. Alichukua muda mrefu kufika. Hakumtazama kocha wala mimi. Alimshika mwanawe kiwiko, akakibonyeza upande wa ndani kwa kidole gumba, na Brian akafumba macho na kuuvuta mkono.

Mama yake akasema kwa Kiswahili, ili sote tuelewe, "Imetosha, Mwalimu. Huyu ni wangu."

Kocha alichukua mpira kutoka kwenye glavu ya Brian akampa mwingine.

Walishindwa kwa pointi moja. Natamani ningeweza kuwaandikia jambo jingine.

Yule mtu wa Nairobi, kama alikuwepo, hakujitokeza. Wachezaji walipita mbele yangu bila kunitazama. Brian aliketi peke yake kwenye tofali, amejifunika taulo kichwani. Nilimwendea kocha, aliyekuwa akikusanya glavu zake na kuzipanga ndani ya gunia moja moja, kila mbili zikitazamana.

"Umetuchukulia mwaka mzima," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Nimechukua mwaka."

Alingoja niombe msamaha. Sikuomba. Nilimwambia glavu zake ni nzuri kuliko nyingi nilizoziona, na hilo pia lilikuwa kweli, na nadhani lilimkasirisha zaidi.

Kurudi

Jumatatu nilipanda gari la alfajiri. Mama Akinyi alinifungia ndizi na karanga, akaniambia mji umegawanyika, nusu wanasema mimi ni mchawi na nusu wanasema ni mama. Hakusema yeye yuko nusu ipi, lakini karanga zilikuwa nyingi.

Kusema kweli njia nzima hadi Sondu niliona nimekosea. Namba si daktari. Labda kijana alikuwa amechoka tu. Labda alikuwa na mirusho kumi na mitano iliyobaki, ya kumtoa kwenye kokoto, nami nikamnyang'anya kwa sababu ya kijana mwingine aliyeumia zamani. Nilifungua kitabu nikazisoma safu zangu tena, moja baada ya nyingine, nikaona pale kiwiko kilipoanza kushuka na jinsi mwandiko wangu mwenyewe ulivyoanza kuyumba. Nikakifunga. Kama nimekosea, nimekosea kwa kusema. Lile kosa jingine ninalijua ladha yake.

Kisumu nilikula samaki tena, kwa hiari yangu, na Mama Chebet anaweza kuandika hilo ukutani. Gari la Eldoret halikuharibika. Nilishuka jua likiwa bado juu, baridi ya kwetu ikanikumbatia. Kamau alikuwa ananingoja stendi. Nilimweleza yote pale pale, kabla hajawasha pikipiki. Hakunikumbusha ahadi. Akaniuliza yule mama alitembea kwa mwendo gani kuja kwenye kichuguu. Nikamwambia polepole sana. Akasema, "Lakini alifika," akaniwekea mzigo wangu mbele yake, tukaenda nyumbani.

Jana, nikiwa napima chakula cha kuku, simu ililia. Ilikuwa namba ya mama yake Brian, lakini aliyeongea ni Brian. Mama yake alikuwa amempeleka hospitali. Kano ya ndani ya kiwiko imechanika kidogo, haijakatika. Daktari alisema ameletwa mapema. Atakaa miezi mitatu bila kurusha kitu chochote, halafu wataona. Kocha alikwenda naye. Alikaa kwenye benchi la nje muda wote na hakusema neno.

"Bado nimekukasirikia," Brian akasema.

Nikamwambia akasirike, ana haki, na akikasirika asitupe kitu kwa mkono wa kushoto. Sikumsikia akicheka. Aliuliza niliandika nini kumhusu siku ya kwanza, kabla ya mambo mengine. Nikaacha kuku wa watu wangoje, nikamsomea ukurasa wote, mguu unavyoinuka, kile kituo kidogo, mara kumi na sita walizopiga hewa, hadi kwenye ule mstari niliouchora chini. Alinitaka nirudie mwisho. Nikarudia.

Kisha akasema kwamba wakubwa wa timu wameketi, wameandika barua, na mimi sitaruhusiwa tena kuingia uwanjani Migori.

Nikamuuliza kama uwanja ule una ua wa kuuzunguka.

Akafikiri. Akasema hauna.

"Basi nitaketi barabarani," nikasema. "Macho yangu ni mazuri."